Gari-nyumba likiinama usiku: jinsi ya kutafuta hitilafu katika mfumo wa kusawazisha kwa hewa

Mwenye gari-nyumba anaamka asubuhi, anaweka kikombe mezani, na anaona chai imeegemea upande mmoja. Anatoka nje na kukuta kona ya nyuma kushoto imeshuka sentimita 7 au 8 kuliko ilivyokuwa alipokwenda kulala. Kwa kuwa kona hiyo hubebwa na mfuko wa hewa, yaani mfuko wa mpira uliojazwa hewa unaokaa mahali pa springi, na kwa kuwa ni dhahiri kwamba hewa imetoka, wazo linalomjia kwanza ni kwamba mfuko umetoboka. Anaagiza mfuko mpya, anamlipa fundi, na baada ya siku tatu kona ile ile imeshuka tena kwa kiasi kile kile. Mfuko wa zamani haukuwa na kosa. Hewa ilikuwa ikitokea mahali pengine kabisa, na dalili za kuonyesha mahali hapo zilikuwapo tangu asubuhi ya kwanza, ila hazikusomwa.

Ninaandika ili kueleza jinsi dalili hizo zinavyosomwa. Mfumo wa kusawazisha gari-nyumba kwa hewa una sifa mbaya ya kuwa mgumu kueleweka, na kwa maoni yangu ugumu huo hautokani na wingi wa vipuri vyake. Unatokana na kwamba mifumo miwili tofauti hutumia mifuko ile ile, kila mmoja kwa zamu yake, na anayetafuta hitilafu bila kujua zamu ilikuwa ya nani atabadilisha vipuri vizima hadi fedha zimwishie.

Magari ninayoyazungumzia ni yale makubwa ya Marekani na Kanada, yenye injini ya dizeli nyuma, urefu wa mita 10 hadi karibu 14, na uzito unaoanzia takribani tani 12 na kupita tani 20. Chesisi zake hutengenezwa na kampuni kama Freightliner na Spartan, au gari zima hujengwa juu ya mwili wa basi la Prevost kutoka Quebec. Mfumo wenyewe wa kusawazisha mara nyingi hutoka HWH, iliyoko katika mji mdogo wa Moscow, jimbo la Iowa, au Valid ya Salmon Arm, British Columbia. Hata hivyo, msomaji aliyewahi kufanya kazi na mabasi ya mikoani ya Tanzania au malori yanayotoka bandari ya Mombasa atakuta vitu vingi anavyovijua, kwa sababu kompresa, kikausha hewa, matangi, breki za upepo na vali za kimo ni za ukoo mmoja. Kitu kigeni kwake kitakuwa kimoja tu, nacho ni ile seti ya vali za umeme zinazoingia kazini gari likishaegeshwa.

Usawa wa sakafu si anasa. Friji za aina ya amonia, ambazo bado zimo katika magari-nyumba mengi, hutegemea mvuto wa dunia kurudisha kimiminika chini ndani ya mirija yake, na zikiwashwa kwa muda mrefu gari likiwa limeinama huweza kuharibika kabisa. Vyumba vinavyosukumwa nje ya ukuta kwa mota ili kupanua sebule hutoka na kurudi vibaya chesisi ikiwa imejipinda, na kioo kikubwa cha mbele kinaweza kupasuka kwa mpindo huo huo.

Mafiga matatu

Chungu juu ya mafiga matatu hakiyumbi, hata jiwe moja likiwa fupi, lakini ukiweka mawe manne, moja litabaki halibebi kitu. Waliounda chesisi hizi walifuata kanuni hiyo hiyo. Ingawa gari lina kona nne, kwa kawaida kimo chake hudhibitiwa katika nukta tatu: mifuko ya mbele, kulia na kushoto, huunganishwa na kuongozwa na vali moja ya kimo, na upande wa nyuma kila upande huwa na vali yake. Zipo chesisi zenye mpangilio wa kinyume, vali mbili mbele na moja nyuma, kwa hiyo mtu ahakikishe kwa macho kabla ya kuanza kazi.

Jambo hili lina matokeo ya moja kwa moja. Katika mpangilio wa kawaida, mfuko mmoja wa mbele ukivuja, mwenzake hutoa hewa ili kuufidia, na sehemu yote ya mbele hushuka pamoja. Anayeona mbele kote kumeshuka hudhani tatizo liko kwenye chanzo cha hewa, kumbe ni tundu dogo kwenye mfuko wa kulia. Nyuma mambo ni tofauti. Mara nyingi kila upande una mifuko miwili, mmoja mbele ya ekseli na mwingine nyuma yake, iliyounganishwa kwa mrija mmoja, kwa hiyo upande mmoja ukishuka washukiwa ni mifuko miwili, wala si mmoja. Kwenye gari lenye ekseli ya ziada nyuma, ekseli hiyo ina mifuko yake na mara nyingi kidhibiti chake cha shinikizo, nayo inastahili kuangaliwa peke yake.

Sasa tuje kwenye zamu mbili. Gari likiwa safarini, vali za kimo ndizo zinazotawala. Kila moja imefungwa kwenye chesisi, na mkono wake umeunganishwa na ekseli kwa fimbo fupi. Mwili wa gari ukishuka, mkono husukumwa upande mmoja na vali huingiza hewa kwenye mfuko. Mwili ukipanda kupita kiasi, mkono huenda upande wa pili na vali hutoa hewa nje. Katikati ya pande hizo mbili kuna nafasi ndogo ambapo vali haifanyi chochote, na hicho ndicho kimo cha safari. Kifaa hiki hakina umeme wala kompyuta, na hakijui kama ardhi imeinama. Kinajua tu umbali kati ya ekseli na chesisi.

Gari likiegeshwa na dereva akaomba usawa, vali hizo lazima zinyamazishwe, kwa sababu kusawazisha maana yake ni kuiacha kona moja juu ya kimo cha safari na nyingine chini yake, na vali ya kimo haiwezi kuvumilia hali hiyo. Hapo ndipo seti ya vali za umeme huingia kazini. Kwa kila nukta kuna vali tatu: moja ya kuinua, ambayo huleta hewa kutoka kwenye tangi, moja ya kushusha, ambayo huifungulia hewa ya mfuko nje, na moja ya safari, ambayo kazi yake ni kuunganisha au kutenganisha mfuko na vali ya kimo. Katika magari mengi vali sita hupangwa kwenye kipande kimoja cha chuma kinachohudumia nukta mbili, na mafundi wengi hukiita kwa jina la hizo sita. Kompyuta ndogo, ikisaidiwa na kihisi cha usawa, ndiyo inayoamua vali ipi ifunguke.

Kabla ya kuingia chini

Hapa naomba msomaji asiruke aya hii. Gari lililosimama juu ya hewa linaweza kushuka ghafla kwa sekunde moja au mbili, kwa mrija kuchomoka, kwa mtu aliye ndani kugusa kitufe, au kwa kompyuta kujiamulia kusawazisha tena. Nafasi kati ya ukingo wa mwili na tairi, au kati ya chesisi na ardhi, inayomtosha mtu kuingiza kifua gari likiwa juu, haimtoshi tena likishuka. Watu wamekufa kwa namna hiyo. Jeki peke yake haitoshi. Chesisi iwekwe juu ya stendi za chuma zenye uwezo wa kubeba uzito huo, mahali ambapo mtengenezaji amepaonyesha, juu ya ardhi ngumu, magurudumu yazuiwe, na umeme wa mfumo ukatwe kabla ya kichwa au mkono kupita chini ya mwili wa gari. Asiye na stendi zinazofaa ana kazi nyingi ya kupima akiwa nje, na kama tutakavyoona, sehemu kubwa ya utambuzi hufanyika hukohuko nje.

Kipimo cha kwanza ni rula

Wengi hukimbilia geji ya shinikizo. Kwa mfuko unaobeba mzigo, geji hudanganya, na sababu yake ni ya kifizikia. Chukua mfuko wenye eneo la inchi za mraba 60 unaobeba paundi 5,000. Ili mzigo huo usimame, shinikizo ndani ya mfuko ni lazima liwe karibu psi 83, yaani paundi 83 kwa kila inchi ya mraba. Hewa ikivuja, mfuko unafupika, lakini mzigo haujapungua, kwa hiyo shinikizo linabaki karibu pale pale. Geji itaendelea kusoma 83 huku gari likizama, hadi mfuko utakapofika mwisho na mzigo kubebwa na kizuizi cha mpira badala ya hewa. Hapo ndipo mshale utaanza kuanguka. Shinikizo hukuambia uzito uliobebwa. Kimo ndicho kinachokuambia hewa iliyobaki.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza ni rula au futi ya kamba. Pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa mwili ulio juu yake, katika kona zote nne, uandike namba hizo pamoja na saa na joto la hewa. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu tairi lenye upepo pungufu au udongo uliodidimia utakuharibia hesabu.

Joto linaandikwa kwa sababu nzuri. Maelfu ya magari-nyumba hukusanyika kila majira ya baridi katika jangwa la Quartzsite, Arizona, ambako mchana huwa na joto la kupendeza na usiku baridi kali. Tuseme mfumo umesawazishwa mchana kwenye nyuzi 30 za Selsiasi, na alfajiri joto likashuka hadi nyuzi 5. Kwa kipimo cha Kelvini, hewa imetoka 303 hadi 278, upungufu wa takribani asilimia 8. Shinikizo likiwa limeshikiliwa na mzigo, kinachopungua ni ujazo, na mfuko wenye kimo cha sentimita 25 utafupika kwa karibu sentimita 2 bila hata tone la hewa kutoka nje. Gari litashuka kidogo kona zote, na jua likipanda litainuka tena. Basi, kushuka kidogo kunakofanana pande zote baada ya usiku wa baridi si uvujaji. Uvujaji una upendeleo, huchagua kona.

Kona inashuka hadi wapi?

Hapa ndipo kiini cha jambo zima kilipo, na ndiyo sababu nimechukua nafasi kubwa kueleza zamu mbili. Gari likiwa limesawazishwa na injini imezimwa, usiulize tu ni kona ipi iliyosogea. Uliza ilisogea upande gani, na ilisimama wapi.

Kona inayozama bila kusimama, hadi ikalala kwenye vizuizi vyake, ina njia ya wazi kuelekea nje. Njia hiyo inaweza kuwa mfuko wenyewe, mrija wake, kiungio, au vali ya kushusha ambayo haifungi vizuri. Hawa ndio washukiwa wa kawaida, na mfuko ni mmoja tu kati yao.

Kona inayoshuka kisha ikasimama kwenye kimo kinachofanana na kimo cha safari inasimulia habari nyingine kabisa. Kimo cha safari hakina maana yoyote kwa mfuko uliotoboka; tundu haliwezi kujua kimo. Kifaa pekee kinachokijua kimo hicho ni vali ya kimo, na kama imeweza kuivuta kona hadi hapo ilhali gari limeegeshwa, basi vali ya safari, iliyopaswa kuitenga, inapitisha hewa. Uthibitisho wake ni mzuri zaidi pale ambapo kona nyingine, iliyoshushwa chini ya kimo cha safari ili kusawazisha, inapanda polepole usiku huo huo. Vali ya kimo huvuta kutoka pande zote mbili kuelekea katikati, mradi tangi bado lina hewa. Fundi anayeona kona moja ikishuka na nyingine ikipanda anaweza kuchanganyikiwa na kulaumu kompyuta, kumbe ameonyeshwa jibu.

Kona inayopanda tu na kupita kimo cha safari, bila amri, inapokea hewa ya tangi kupitia vali ya kuinua isiyofunga. Vali hiyo hiyo ina ujanja mmoja: tangi likiisha hewa kwa sababu ya uvujaji wa mahali pengine, hewa ya mfuko inaweza kurudi tangini kupitia njia ile ile, na kona iliyokuwa ikipanda jioni ikazama alfajiri, isipokuwa kama mtengenezaji ameweka vali ya kuzuia hewa kurudi nyuma. Tazama geji za dashibodi sambamba na rula.

Katika yote haya ni muhimu kujua kama vali za safari za gari lako hufunguka au hufungika umeme unapozimwa, maana miundo inatofautiana. Mchoro wa mabomba wa mtengenezaji hulieleza jambo hili, na ndio karatasi ya kwanza ninayoshauri itafutwe, kabla ya spana yoyote.

Kipimo kinachofuata ni kulinganisha hali mbili. Acha gari usiku mmoja katika hali ya maegesho na usiku wa pili katika hali ya safari, kisha ulinganishe namba. Kona inayoshuka kwa kasi ile ile katika hali zote mbili inaelekeza kidole kwenye mfuko, mrija au vali ya kushusha, kwa kuwa hivyo ndivyo vitu vinavyoshiriki zamu zote. Inayoshuka katika hali ya safari pekee inaelekeza kwenye vali ya kimo au mabomba yaliyo upande wake.

Povu

Baada ya rula kupunguza washukiwa, maji ya sabuni humaliza kesi. Sabuni ya vyombo iliyochanganywa na maji kwenye chupa ya kupulizia inatosha. Jaza mfumo hadi kompresa ikate, zima injini, tega sikio kwanza, kisha pulizia kwenye kila kiungio na usubiri. Uvujaji mkubwa hupeperusha maji kabla povu halijaundwa, kwa hiyo huonekana kama sehemu kavu inayotema matone. Uvujaji mdogo hujenga shada jeupe la mapovu madogo baada ya dakika moja au mbili, na anayepita haraka hulikosa.

Kwenye mfuko, tazama mahali mpira unapojikunja juu ya pistoni yake ya chini, kwa sababu hapo ndipo unapokunjwa na kukunjuliwa kila gari linapotikisika, na hapo ndipo nyufa huanzia. Mikwaruzo midogo juu ya ngozi ya nje pekee ni uzee wa kawaida. Nyuzi za ndani zikionekana, mfuko ubadilishwe hata kama hauvuji bado. Pulizia pia kuzunguka bamba la juu, ambako kutu hujificha. Kwenye mirija ya nailoni, viungio vya kusukuma huvuja zaidi pale mrija ulipokatwa kwa mshazari kwa kisu au mkasi. Ukikatwa wima kwa kikato chake na kusukumwa hadi mwisho, mara nyingi kiungio kile kile kinafunga vizuri.

Vali ya kushusha ina tundu la kutolea hewa, na tundu hilo linapaswa kuwa kimya kabisa wakati hakuna amri. Weka tone la maji ya sabuni juu yake, au vuta mrija wake kama linao na utumbukize ncha kwenye kikombe cha maji. Mapovu yakitoka bila kitufe kuguswa, umempata mhalifu. Lakini tundu moja linaweza kuhudumia vali kadhaa kwenye kipande kimoja, kwa hiyo uchunguze ni kona ipi inayolilisha kabla ya kufungua chochote.

Mara nyingi kinachozuia vali isifunge ni uchafu: chembe ya kutu, nyuzi za utepe uliofungwa kwenye kiungio na fundi asiye mwangalifu, au unga mweupe. Kuinua na kushusha kona hiyo mara kumi hivi mfululizo, shinikizo likiwa kamili, huweza kuusukuma uchafu nje. Isipofaulu, vali hufunguliwa, pistoni yake ndogo ikasafishwa na oringi zake, yaani pete za mpira za kuziba, zikabadilishwa. Oringi ni kipuri cha bei ndogo sana ukilinganisha na mfuko, na inasikitisha kuona ni mara ngapi kipuri cha bei kubwa hubadilishwa kwanza.

Unga mweupe ni onyo la kitu kikubwa zaidi. Ndani ya kikausha hewa kuna punje za kufyonza unyevu, na zikichakaa husagika na kusafiri ndani ya mabomba hadi kwenye kila vali. Katriji yake kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu. Ukibadilisha oringi bila kubadilisha katriji iliyosagika, utazibadilisha tena. Maji nayo ni adui wa aina hiyo hiyo: vuta kamba za kumwagia zilizo chini ya matangi, na kama yanatoka maji, au mchanganyiko wa maji na oili, ujue kikausha hewa au kompresa inahitaji kushughulikiwa. Katika baridi ya kaskazini maji hayo huganda ndani ya vali na kuikwamisha, kisha huyeyuka saa nne asubuhi, na hitilafu inatoweka kabla fundi hajafika.

Chanzo cha hewa na vali za kimo

Mfumo mzima ukikataa kuinua, angalia chanzo kabla ya kuichokoza kompyuta. Kompresa inayoendeshwa na injini inapaswa kujaza matangi hadi takribani psi 120 hadi 130 na kukata, huku kikausha hewa kikipiga chafya moja kali, kisha kuanza tena shinikizo linaposhuka karibu na psi 100. Kikausha hewa kinachoendelea kupumua mfululizo baada ya chafya kina vali ya kutolea iliyokwama. Kipimo wanachofundishwa madereva wa malori wa Marekani kinafaa hapa pia: injini ikiwa imezimwa na breki zimeachiwa, magurudumu yakiwa yamezuiwa, gari moja lisilovuta tela lisipoteze zaidi ya psi 2 kwa dakika. Likipoteza zaidi, tatizo si la usawa wa kitanda tena. Ni la breki, na gari halipaswi kuondoka. Mifuko kwa kawaida hulishwa kupitia vali ya ulinzi ambayo huyapa matangi ya breki haki ya kwanza, ndiyo maana gari lililolala wiki nzima huchelewa kuinuka baada ya kuwashwa. Huo ni utaratibu mzuri.

Magari mengine yana kompresa ndogo ya umeme ya kutunza usawa usiku. Ihesabu. Kompresa inayowaka mara moja au mbili usiku kucha inafanya kazi yake, ila inayolia kila robo saa inakupa kipimo cha uvujaji bure.

Vali za kimo nazo huadhibiwa kwa makosa ya wengine. Gari likiinama barabarani hata kwenye njia tambarare, tazama kwanza fimbo ya kiungo: imepinda, imechomoka, au mpira wake umekwisha? Kisha, gari likiwa juu ya stendi, tenganisha fimbo na usogeze mkono. Upande mmoja uingize hewa, upande wa pili utoe, na katikati pawe kimya. Baadhi ya vali huchelewa sekunde kadhaa makusudi ili zisishtuke kwa kila shimo, kwa hiyo usiihukumu upesi. Marekebisho yafanywe kwa vipimo vya mtengenezaji kati ya ekseli na chesisi, ambavyo mara nyingi huruhusu tofauti ya robo inchi tu, yaani milimita 6. Kurekebisha kwa jicho hadi gari "lionekane sawa" huharibu pembe za shafti na mwenendo wa usukani, na mara nyingi huficha uvujaji kwa kuufidia.

Umeme mwishoni, lakini si kwa dharau

Nimeuweka umeme mwisho kwa sababu hewa ndiyo inayoondoka. Lakini kona isiyotii amri, badala ya kushuka yenyewe, mara nyingi ni kesi ya umeme. Anza na masharti: mifumo mingi hukataa kusawazisha mpaka breki ya maegesho ivutwe, na swichi ya breki hiyo ikiwa mbovu, paneli nzima hunyamaza. Kisha betri. Kompyuta hizi hutoa makosa ya ajabu volti zikishuka chini ya 12, na gari lililolala majuma mawili bila kuchajiwa ni mgonjwa wa aina hiyo. Kisha waya wa ethi, ambao hufungwa chini ya gari mahali penye matope na chumvi ya barabarani, na hupata kutu bila kuonekana.

Vali inayoshukiwa ipimwe volti wakati amri imetolewa na plagi ikiwa imechomekwa, kwa kuwa waya uliokaribia kukatika huonyesha volti 12 kamili usipobeba mzigo, kisha huanguka ukibebeshwa. Ncha ya bisibisi ya chuma ikishikwa karibu na koili ya vali, yaani waya uliozungushwa unaoifungua kwa sumaku, itavutwa ikiwa koili inafanya kazi. Koili ikivuta bisibisi na hewa haipiti, ubovu ni wa ndani ya vali. Ikiwa haivuti na volti zipo, koili imekufa.

Kihisi cha usawa kiguswe baada ya haya yote. Kukirekebisha upya wakati mfuko unavuja ni kuifundisha kompyuta kwamba mwinamo ndio usawa. Hakikisha kwanza kimefungwa imara, kisha gari lisawazishwe kwa mkono, kwa pima-maji lililowekwa sakafuni katikati ya gari, na hapo ndipo mtengenezaji huelekeza kukihifadhi kipimo kipya. Na kama paneli inalalamika kwamba mwinuko umezidi, iamini: mifuko ina inchi chache tu za kupanda juu ya kimo cha safari, na kuna viwanja ambavyo haviwezi kusawazishwa kwa hewa. Mbao pana chini ya matairi ya upande wa chini zitasaidia.

Baada ya ukarabati, rudia vipimo vya rula usiku mbili, mmoja katika kila hali, kona zote nne, saa ile ile, na uziandike namba hizo kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati la umeme, ili fundi atakayekuja baadaye ajue gari hili lilisimamaje lilipokuwa zima.